Aliyeshika Gati

Ufuko hauulizi mtu atokako. Chombo hupwelezwa popote penye mchanga mzuri, watu wakashuka majini hadi magotini, mizigo ikapita mabegani, na kabla maji hayajarudi kujaa kila kitu kimekwisha kufika mjini. Kwa karne nyingi pwani ya Waswahili iliishi hivyo. Kilwa, Pate, Lamu, Mombasa na Unguja ni miji iliyonenepa kwa biashara ya bahari. Ilijenga misikiti ya matumbawe na majumba ya ghorofa, ikanunua sahani za China na vitambaa vya Gujarati, lakini kwa sehemu kubwa haikuhangaika kujenga magati. Anayeona huo ni upungufu hajatazama vizuri namna bahari ile inavyofanya kazi.

Katika maji ya bamvua, bahari ya Unguja hupanda au kushuka zaidi ya mita tatu kwa muda wa saa sita hivi. Nahodha aliyejua kazi yake aliingia na maji ya kujaa, akakiegesha chombo, kikatiwa magadi kisije kikalala ubavu. Maji yakipwa, jahazi limesimama pakavu. Wachukuzi hulizunguka kwa miguu, magunia yakashuka kwa ubao mmoja, na fundi akatumia nafasi hiyohiyo kukalafati nyufa na kupaka deheni. Maji yakirudi, jahazi huelea lenyewe. Kupwa na kujaa vilikuwa winchi ya bure, isiyo na mwenyewe wala kodi. Jahazi lina tumbo la kuvumilia kukaa mchangani. Ni meli za chuma, zenye mkuku mrefu na shehena ya maelfu ya tani, zilizokuja kudai ukuta wa mawe wenye kina cha maji kisichokauka.

Kina cha maji basi ni sababu ya kwanza ya gati, na ndiyo inayoandikwa kwenye mabango ya uzinduzi. Sababu ya pili hutajwa mara chache. Gati huchukua pwani ndefu, yenye maelfu ya mahali pa kushukia, likaibana ikawa mahali pamoja. Na penye mahali pamoja yuko mtu anayepashika: anahesabu, anatoza, anaruhusu, anazuia. Nikisoma historia ya magati, ya mtoni na ya baharini, naona swali hilohilo likirudi kwa nguo tofauti: nani ameshika gati, na anayepita hapo anapata nini?

Swali lenyewe ni kongwe. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Pierre Tallet walifukua huko Wadi al-Jarf, kwenye ufuko wa Misri wa Bahari ya Shamu, mafunjo yaliyoandikwa zaidi ya miaka 4,500 iliyopita, enzi za Farao Khufu. Bandari hiyo yenyewe ni miongoni mwa kongwe kabisa zinazojulikana, na ukuta wake wa mawe bado unaonekana chini ya maji. Mafunjo yale ndiyo ya zamani kuliko yote yenye maandishi yaliyopata kugunduliwa. Mtu angetarajia sala, au sifa za mfalme. Sehemu yake mashuhuri ni kumbukumbu za kazi za msimamizi mmoja aitwaye Merer, aliyekuwa na kikosi cha mabaharia waliosafirisha mawe ya chokaa kwa Mto Nile kutoka Tura hadi Giza, piramidi kuu lilipokuwa likijengwa. Siku fulani wamepakia, siku fulani wamelala wapi, siku fulani wamewasili. Pamoja nazo kuna hesabu za posho ya chakula. Yaani karatasi kongwe kuliko zote tulizonazo ni daftari la karani wa kushusha na kupakia. Hilo halinishangazi. Mahali mzigo unapotoka majini kwenda nchi kavu ndipo pa kwanza kumlazimisha mwanadamu aandike, kwa sababu hapo ndipo mali hutoka mkono mmoja kwenda mwingine na kila mkono una shaka na mwenzake.

Serikali zimelijua hilo siku zote. Mwaka 1559, mwanzoni mwa utawala wa Malkia Elizabeth I, Uingereza ilitunga sheria kwamba bidhaa zishushwe na kupakiwa katika magati yaliyoteuliwa tu, tena mchana, jua likiwa juu. London yalipangwa magati kadhaa kati ya daraja kuu na ngome ya Tower. Mto Thames una kingo ndefu. Palikuwa na mahali pengi ambapo mashua ingeweza kuegeshwa usiku bila mtu kuona. Sheria ile haikujenga hata jiwe moja. Ilichofanya ni kuuziba mto wote kwa wino, ikaacha upenyo ambapo ofisa wa ushuru angeweza kusimama na kalamu yake.

Wafalme wa kwetu hawakuhitaji kufundishwa mbinu hiyo. Sayyid Said alipouhamishia ufalme wake Unguja katika karne ya 19, mali yake kubwa haikuwa mashamba ya karafuu peke yake bali forodha. Ukusanyaji wa ushuru alikuwa akiukodisha kwa mfanyabiashara wa Kihindi, ambaye alimlipa Sultani kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka, kisha chochote kilichozidi kikawa chake. Jairam Shivji aliishika kazi hiyo kwa miaka mingi, na jina lake likawa na uzito mjini kuliko la mawaziri. Mkataba wa mwaka 1833 kati ya Said na Marekani uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za Wamarekani. Ili upenyo ubaki mmoja, wafanyabiashara wa Kizungu walizuiwa kununua pembe na sandarusi moja kwa moja katika pwani ya Mrima. Pembe iliyotoka Tabora au Ujiji ilipaswa kupita mikononi mwa watu wa Sultani. Gati la mawe halikuwapo, lakini kazi ya gati ilikwisha kufanyika: pwani ya mamia ya maili ilibanwa ikaingia kwenye jengo moja la forodha mbele ya mji.

Na katika forodha hiyo wanadamu nao walitozwa ushuru. Mtumwa aliyetoka Kilwa alilipiwa kwa kichwa, akaandikwa katika hesabu zilezile za pembe na karafuu, mpaka mkataba wa Juni 1873 ulipomlazimisha Sultani wa wakati huo, Sayyid Barghash, kulifunga soko la watumwa. Leo eneo la Forodhani ni bustani. Jioni watu hula pweza na mishikaki, watoto wanajirusha majini kutoka ukutani huku watalii wakipiga picha. Sina neno na furaha yao. Ila jina la mahali linakumbuka biashara ambayo mandhari imeisahau, na ni vizuri mtu anayekaa pale na kikombe cha maji ya miwa ajue kwamba amekaa palipokuwa pakihesabiwa watu.

Upande wa pili wa biashara ya Unguja na Marekani ulikuwa na gati la mawe kwelikweli. Katika mji wa Salem, Massachusetts, lipo Derby Wharf, lililoanzwa kujengwa mwaka 1762 na kurefushwa baadaye mpaka likaingia majini takriban nusu maili. Kutoka Salem zilikuja meli zilizoleta Unguja nguo ya pamba ngumu, isiyotiwa rangi, ambayo mpaka leo tunaiita merikani. Zikarudi na pembe, ngozi na sandarusi. Mwaka 1837 Marekani ilimtuma Unguja konseli wake wa kwanza, Richard Waters, naye alikuwa mtu wa Salem. Sandarusi iliyochimbwa na watu wa Mrima kwenye mchanga wa pwani ilisafishwa Salem na kuwa vanishi ya samani za matajiri. Bandari ya Salem ilikuwa na kina kidogo. Meli zilipokua, biashara ilihamia Boston na New York. Gati lile refu sasa linatunzwa kama kumbukumbu ya taifa, na nyasi zimeota palipokuwa na maghala. Hakuna aliyelishambulia wala kulibomoa. Gati hufa meli zikiacha kulihitaji, na hakuna fahari ya mji inayoweza kuzirudisha.

Kwetu gati la kina kirefu lilikuja na reli. Waingereza walipoanza kujenga reli ya Uganda mwaka 1896, vyuma na mataruma yalishushwa Mombasa upande wa Kilindini, magharibi ya kisiwa, na kuuacha ule wa Bandari ya Kale chini ya Ngome ya Yesu. Tofauti ya pande hizo mbili inaeleza mengi. Bandari ya Kale iliangalia bahari: ilingoja kaskazi ilete majahazi ya Ghuba yenye tende, mazulia na papa mkavu, kisha kusi iyarudishe na boriti za mikoko kutoka Lamu. Kilindini iliipa bahari mgongo ikaangalia bara. Mwaka 1901 reli ilifika Kisumu, na magati ya kwanza ya kina kirefu yalifunguliwa mwaka 1926. Tangu hapo bei ya pamba ya Uganda na kahawa ya nyanda za juu za Kenya ikawa inategemea ukuta mmoja wa saruji.

Kabla ya ukuta huo, na kwa miaka mingi zaidi Dar es Salaam, kazi ilikuwa ya matishali. Meli ilitia nanga katikati ya bandari. Tishali, bapa na zito, lilivutwa hadi ubavuni. Mzigo ukateremshwa kwa nyavu za kamba, ukapangwa, ukavutwa hadi gati fupi la ufukweni, ukanyanyuliwa tena. Gunia moja la sukari liliguswa na mikono mara nne au tano kabla ya kuingia ghalani. Ndani ya meli mlikuwa na genge la kupakia na kupakua, kwenye tishali genge jingine, ufukweni la tatu, na kila genge lilikuwa na serahangi wake wa kupiga kelele. Gunia la kilo mia halichukuliwi kwa nguvu za mikono. Wawili hulinyanyua, wa tatu huingiza shingo na bega chini yake, akanyooka taratibu kutoka magotini, kisha akaondoka kwa mwendo wa haraka usio wa kukimbia wala kutembea, kwa maana akisimama uzito humzidi. Kinachomlinda ni kipande cha gunia alichokikunja begani. Karani hukaa kwenye kivuli akipiga mistari daftarini: minne ya wima, wa tano umeikata, ndiyo mizigo mitano.

Watu hao waliitwa makuli, mahamali, wachukuzi, kutegemea bandari. Wengi walikuwa vibarua: asubuhi hukusanyika langoni, wanaochaguliwa huingia, waliobaki hurudi mjini. Utaratibu huo uliwapendeza waajiri kwa sababu ulikuwa rahisi. Kumbe ulikuwa na upande wa pili. Mtu anayeajiriwa kwa siku anaweza kukataa kwa siku. Halafu shehena yote ya nchi, ya kuingia na ya kutoka, ilikuwa inapita kwenye ukuta usiozidi mwendo wa dakika chache kwa miguu. Aliyekuwa hana kitu ila bega lake alijikuta amesimama penye koo la uchumi wa koloni.

Alilitambua hilo mapema. Mombasa waligoma mwaka 1939, na mwaka huohuo Dar es Salaam nao. Januari 1947 mgomo wa Mombasa ulienea kutoka bandarini na relini hadi mahotelini na majumbani. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi kwa siku kumi na mbili, na Chege Kibachia akaibuka kuwa kiongozi wa shirikisho lao, jambo lililoifanya serikali impeleke uhamishoni kabla ya mwaka kwisha. Septemba mwaka ule makuli wa Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukapanda reli hadi bara. Mwaka 1948 ikawa zamu ya Unguja, ambako wachukuzi wa gati la Malindi waliusimamisha mji mzima. Adam Shafi alipotaka kuandika juu ya binadamu anayejifunza kusema hapana, hakumpeleka shuleni wala msituni. Riwaya yake *Kuli*, iliyotoka mwaka 1979, aliiweka gatini. Alichagua vizuri. Katika Afrika Mashariki ya wakati ule hapakuwa na mahali pengine ambapo mtu maskini aliweza kukunja mikono na gavana akalisikia hilo siku hiyohiyo.

Kwa miaka kama ishirini, basi, jibu la swali letu lilikuwa na utata. Gati lilikuwa la kampuni na la serikali kwa karatasi. Kwa kazi lilikuwa nusu la makuli. Serikali ya koloni ilijibu kwa virungu, kisha kwa akili. Mombasa, kufikia katikati ya miaka ya 1950, vibarua waliandikishwa, wakapunguzwa, wakageuzwa wafanyakazi wa kudumu wenye mshahara bora na mengi ya kupoteza. Lakini pigo kubwa lilitoka mbali, na hakuna aliyelisikia likitua.

Oktoba 1956 Princess Margaret, mdogo wa malkia wa Uingereza wa wakati huo, alifungua magati ya kina kirefu ya Dar es Salaam. Hatimaye meli kubwa ingefunga gati, na kazi ya kuhamishia kila kitu kwenye matishali ingepungua. Miezi sita tu kabla yake, tarehe 26 Aprili 1956, meli iitwayo *Ideal X* ilikuwa imeng'oa nanga karibu na New York kwenda Houston ikiwa na makasha 58 ya chuma juu ya sitaha. Lilikuwa wazo la Malcom McLean, mwenye malori, aliyechoshwa na kuona gari likingoja kutwa nzima mizigo yake ichukuliwe mmoja mmoja. Mwaka mmoja, magati mawili. Lile la Dar es Salaam lilijengwa kwa ajili ya gunia, lenye maghala nyuma yake na nafasi ya magenge. Kasha la McLean lilikuwa limekwisha kuliandikia gunia talaka. Habari ilichukua kama miaka ishirini kufika huku. Ilipofika, katika miaka ya 1970 na 1980, maghala yakabomolewa kupisha viwanja vya kupangia makontena, na kreni moja yenye dereva mmoja ikafanya kazi ya mamia ya mabega.

Sitaki kulililia gunia. Bega lililobeba kilo mia kwa miaka ishirini halikuzeeka, liliharibika, na hakuna mtoto wa kuli anayemtakia mtoto wake kazi ile. Lakini tukubali kilichoondoka pamoja na gunia. Kontena limefungwa kwa lakiri; anayelinyanyua hajui kilichomo, wala hakuna haja ajue. Watu wenye uwezo wa kulisimamisha gati walipungua mpaka wakabaki wataalamu wachache, na uamuzi ukapanda ghorofa za juu, kwenye mikataba.

Magati yetu yamezoea mikataba ya ajabu. Mwaka 1921 Uingereza iliikodisha Ubelgiji sehemu za bandari za Kigoma na Dar es Salaam, ili shehena za Kongo na za Ruanda-Urundi zipite bila ushuru. Kodi ilikuwa faranga moja kwa mwaka, na muda wake ni milele. Novemba 1961, siku chache kabla ya uhuru, Nyerere alitamka kwamba Uingereza, iliyokuwa imekabidhiwa Tanganyika kwa muda tu, haikuwa na haki ya kuifunga nchi milele. Hoja yake ilikuwa fupi na mpaka leo sijaona iliyo safi kuliko hiyo: mpangaji hawezi kuiuza nyumba.

Mtwara ulijengwa mkataba wa namna nyingine, wa ndoto. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliamua kulima karanga Tanganyika ili wapate mafuta ya kula. Kwa ajili ya karanga hizo walijenga reli kutoka Nachingwea na gati la kina kirefu katika mojawapo ya bandari nzuri za asili kwenye pwani hii, lenye urefu wa mita 385. Mpango ulifutwa mwaka 1951, gati likakamilika mwaka 1954. Karanga hazikuja. Reli iling'olewa mapema miaka ya 1960. Gati halikung'oleka, lilikaa miongo mingi likiwa kubwa kuliko kazi yake, mpaka korosho za wakulima wa kusini zikaanza kulipa maana. Ukuta uliojengwa kwa makosa ya Waziri wa London ukaja kuwa tegemeo la mkulima wa Newala na Masasi, ambaye kila msimu anabishana mzigo wake upitie Mtwara au upandishwe malori hadi Dar es Salaam. Anabishana kwa haki. Palipo na gati pana hoteli ndogo, gereji, mama lishe, kazi za kupanga magunia. Shehena ikipita mbali, vyote hivyo vinapita nayo.

Mombasa wamelionja hilo. Mwaka 2019 serikali ya Kenya iliagiza makontena ya kwenda bara yachukuliwe na reli mpya moja kwa moja hadi Nairobi na kutolewa huko. Meli ziliendelea kufunga gati Kilindini kama kawaida. Kreni ziling'aa, takwimu zikapanda. Ila madereva, mawakala wa forodha, wenye yadi na wenye vibanda vya chai walijikuta hawana kazi, wakaingia barabarani chini ya jina la Okoa Mombasa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuwa akiteremka mlangoni kisha anapitishwa nyuma ya nyumba bila kumsalimu mtu. Agizo lile liliondolewa Septemba 2022, baada ya serikali kubadilika.

Mwaka uliofuata ikawa Tanzania. Juni 2023 Bunge liliridhia makubaliano na Dubai kuhusu bandari, na kwa miezi kadhaa nchi haikuwa na mazungumzo mengine: vijiweni, misikitini na makanisani, mahakamani, kwenye simu. Oktoba mikataba ilitiwa saini, na DP World ikapewa kuendesha sehemu ya magati ya Dar es Salaam kwa miaka 30. Waliotetea walisema meli zinangoja nanga kwa siku nyingi na kila siku ni gharama anayoilipa mnunuzi wa mwisho, na hilo lilikuwa kweli. Waliopinga waliambiwa hawaelewi uchumi wa kisasa. Mimi nilidhani walikuwa wanaelewa historia. Mtu ambaye forodha ilimhesabia babu yake, ambaye baba yake aligoma penye lango lile, hawezi kusikia neno bandari akafikiria ufanisi peke yake. Alikuwa akiuliza swali la zamani, nalo lilistahili jibu lenye vifungu na tarakimu kuliko kuambiwa atulie.

Hata hivyo, mjadala wetu mkubwa wa magati huwa wa watu walio nayo. Upande wa pili wa nchi, Ziwa Tanganyika, yapo makazi mengi ambayo hayana. Meli ya Liemba, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Goetzen, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa reli hadi Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915, imehudumia vijiji vile kwa takriban karne nzima. Mahali pengi ilisimama mbali na ufuko. Ilipiga honi, hata kama ni saa nane za usiku, na kutoka gizani zikaja mashua zikikimbizana, tochi mdomoni mwa mpiga kasia. Zinajibana ubavuni mwa meli, zinagongana. Mlango wa chini umefunguliwa. Kiroba cha dagaa kinarushwa juu, mananasi yanapita kwa mnyororo wa mikono, mtoto anapokelewa na mtu asiyemjua, kisha mama yake ananyoosha mkono, anangoja wimbi liinue mashua, anaruka. Wanaoshuka hukutana na wanaopanda katika mlango huohuo. Mgonjwa huteremshwa vivyo hivyo, na mjamzito vivyo hivyo.

Anayeishi hivyo hawezi kuusifia ufuko ulio wazi kama nilivyousifia mwanzoni. Hatari ya safari ya majini imekusanyika katika ile hatua ya mwisho. Tarehe 20 Septemba 2018, katika Ziwa Victoria, kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kimekaribia kabisa gati la Ukara kikiwa na abiria wengi mno kuliko 101 waliopaswa kukipanda. Watu walikwisha kuanza kujiandaa kushuka, uzito ukaelemea upande mmoja, kikapinduka. Zaidi ya watu 220 walikufa huku nchi kavu inaonekana. Ukara palikuwa na gati. Hapakuwa na aliyewahesabu abiria upande wa kuondokea, au alikuwapo na hakuhesabu.

Ajali ile imenibadilishia namna ya kumtazama karani. Nilizoea kumwona ni mkono wa mwenye nguvu, wa Farao, wa Malkia, wa Sultani. Amekuwa huyo mara nyingi. Lakini hesabu ileile inayomnyonya mchukuzi ndiyo ambayo ingewaokoa abiria wa Ukara, na daftari lilelile lililoandika watumwa ndilo leo linaloweza kumwonyesha mwananchi mapato ya bandari yake yamekwenda wapi. Daftari linafuata tabia ya anayeruhusiwa kulisoma.

Ndiyo maana watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika wanaomba gati bila kujidanganya. Wanajua litakuja na ushuru, na ofisa mwenye muhuri, na foleni. Wamekwisha kupiga hesabu wakaona inalipa: bora kutozwa kidogo na kushuka kwa miguu yako kuliko kuwa huru na kuruka gizani. Ni mapatano ya haki, nayo yanatupa kipimo cha kulipimia gati lolote, liwe la mbao kijijini au la mabilioni mjini. Aliyelishika ana haki ya kutoza pale anapompa apitaye njia salama na mji wake riziki, na pale anapokubali kufungua hesabu zake mbele yao. Akikataa hilo la mwisho, makuli wa mwaka 1947 walikwisha kuonyesha la kufanya. Kazi yetu ni kutafuta linafanywaje katika zama za kreni.